Mpwa Wangu Anaruka Maongezi

Jumapili moja, wiki kama tano zilizopita, nilikuwa kwa dada yangu Nkuhungu, hapa Dodoma, nasubiri wali uive. Mpwa wangu, miaka 12, alikuwa mkekani na laptopu ya baba yake, flashi imechomekwa pembeni, anaangalia muvi. Nilipochungulia nikaona watu ninaowajua: vijana wa Kimarekani, makundi mawili, wametazamana kama majogoo ya mitaa tofauti. Step Up. Nikavua viatu, nikakaa naye.

Dansi ikaisha. Kijana na binti wakabaki peke yao, muziki ukashuka, ikawa zamu ya maneno. Mpwa akabonyeza mshale. Maneno yakapita. Akatokea mtu mzima kuja kugomba, mshale. Binti akageuza uso analia, mshale. Alipoona mabega yameanza kutikisika tena akaachia, akaegemea mto.

"Mbona unaruka?"

"Maongezi hayo, mjomba."

"Sasa stori utaijuaje?"

Akaniangalia kwa ile huruma ambayo watoto wa siku hizi wanatuonea tukishindwa kuweka paswedi.

"Si watashinda tu?"

Dada akaita, wali tayari. Ikawa bahati yangu, maana jibu sikuwa nalo.

Tangu siku hiyo neno hilo limenikaa. Ninaendesha duka dogo la steshenari upande wa Mtumba. Kutwa natoa kopi za vyeti, za vitambulisho, za barua za kuomba kazi. Mashine ya kopi ina mlio wake, na mtu aliyewahi kucheza hawezi kusikia mlio unaojirudia bila kuuhesabia. Moja, mbili, tatu, nne. Wa, ta, shi, nda. Usiku nikirudi nikawa nazitafuta zile filamu za dansi moja baada ya nyingine, hasa za pili, za tatu, za nne, zile ambazo kila mwenye akili zake anasema ni takataka. Nilianza na nia ya kuandika makala ya kuzisema vibaya.

Makala hiyo imenishinda.

Ya pili ilikuja kwanza

Wa rika langu hawahitaji kuelezwa DVD ya muvi nane kwa moja. Ganda la yetu lilikuwa na picha ya mcheza dansi ambaye hakuwemo kwenye filamu hata moja kati ya hizo nane.

Kwa hiyo Step Up 2, ya mwaka 2008, mimi niliiona kabla ya ile ya 2006, na kwa miezi kadhaa sikujua kama ni mwendelezo wa kitu. Ile 2 tulidhani ni sehemu ya jina, kama namba ya jezi. Sehemu ya pili tuliyoizoea ilikuwa ya muvi za Kibongo: stelingi kashika bastola, maandishi yanapanda, nawe unarudi dukani na hela nyingine. Ile angalau ilikuwa haki yake, stori ilikuwa haijaisha. Lakini filamu ya dansi huisha kabisa. Wameshindana, wameshinda, wamebusiana. Unaendeleza nini?

Tulipoipata ya kwanza tulikuwa saba chumbani. Channing Tatum ni kijana wa Baltimore aliyeharibu mali ya shule ya sanaa, akahukumiwa saa 200 za kuitumikia shule hiyohiyo. Anafanya usafi. Anaendelea kufanya usafi. Sote tukawa tunamngoja aache usafi acheze, mpaka mmoja wetu akanyakua rimoti na kumpeleka mbele.

Nimelikumbuka hilo nikiwa nimeshaandika aya mbili za kumlaumu mpwa. Nimezifuta.

Nilipoirudia juzi, nikiwa na miaka yangu hii, niliona kwamba vile vipande vya usafi na vya kukosea ndivyo vinavyoibeba filamu. Filamu ya kwanza ya dansi karibu kila mara ina mtu asiyejua. Dirty Dancing ya 1987: binti hajui kitu, anakanyaga miguu, mkono wa mwalimu ukimpita ubavuni anatekenyeka anacheka, mwalimu anakasirika, wanarudia, anacheka tena. Save the Last Dance ya 2001: binti wa baleti anafundishwa hip hop mjini Chicago na kijana wa shule yake, na mwili wake unakataa kabisa kulegea. Wewe uliyekaa kwenye kochi hujui pia, kwa hiyo mnajifunza pamoja. Siku ya shoo, hatua moja anayoipatia inakugusa kana kwamba umeipatia wewe.

Ya pili inapoanza, wote wanajua.

Ndipo inapokwama, na sidhani kama ni kwa sababu ya waigizaji wabovu tu. Mwili ulikuwa na safari, safari imekwisha. Wenye filamu wanajua hilo, ndiyo maana mara nyingi wanaleta mtu mpya na kuanza upya kwa jina lilelile. Mwaka 2004 Dirty Dancing ikapelekwa Cuba ya 1958, binti mwingine, kijana mwingine, na Patrick Swayze akapita dakika chache kama mwalimu wa dansi wa hotelini, mithili ya mjomba aliyekuja harusini akala akaaga. Save the Last Dance 2 ikaenda moja kwa moja kwenye DVD na sura nyingine ya binti yuleyule. Ukiangalia huku unajua, unahisi kama umeletewa chai iliyotoka kwenye majani ya jana. Rangi ipo.

CD iliporuka

Lakini nisijifanye mtu mzima sana. Miaka ile hatukuziangalia kwa ajili ya safari ya mtu yeyote. Tuliziangalia ili tuibe.

Na kwa mwizi, ya pili ni bora kuliko ya kwanza mara kumi. Ya kwanza ina hatua tano nzuri zilizofukiwa chini ya mapenzi na ugomvi wa nyumbani. Ya pili ni shamba limeiva, unaingia na kikapu. Jon M. Chu, ambaye baadaye angekuja kuongoza Wicked, filamu yake ya kwanza ya sinema ilikuwa hiyo Step Up 2, na ukiiangalia unamuona kijana anayependa miili kuliko maneno. Kamera yake inakaa mbali ya kutosha uone miguu. Mtu ambaye hajawahi kujifunza dansi kwenye TV ya chogo hajui heshima iliyomo katika kuonyeshwa miguu.

Tulikuwa na kundi, vijana sita na binti mmoja, tukifanya mazoezi kwenye pagale moja Chang'ombe. Kuta zilikuwa zimefika kwenye linta, paa hamna, jamvi limemwagwa. Deki tuliiacha chumbani kwa rafiki yetu mwembamba mwenye nywele nyingi, ambaye tangu tuone filamu hiyo hakuitwa jina lake tena, alikuwa Moose, kama yule mchezaji wa kwenye filamu. Tunaangalia kipande, tunakimbia nacho kichwani mpaka kwenye pagale kabla hakijapoa, tunakijaribu, tunagombana kama mkono ulikuwa wa kulia au wa kushoto, tunarudi kuangalia.

Kipande cha mwisho tulikirudia mpaka CD ikaanza kukwama. Kisha ikawa hairudi vizuri: inafika mahali fulani inaganda, picha inakuwa vijiboksi, halafu inaruka mbele. Tukajifunza na mruko wenyewe. Katika staili yetu palikuwa na mahali mtu yuko chini amechuchumaa, na hesabu inayofuata yuko wima anatazama upande mwingine. Hatukujua kilichotokea katikati. Tukaweka mkito, *tsaa*, mabega juu, basi. Tukaona ni ubunifu wa Kimarekani.

Tukaenda kwenye mashindano, ukumbi mmoja mjini. Watu walishangilia. Tukapangwa mbele ya meza, na jaji mmoja, mtu mpole, akainama kwenye kipaza sauti.

"Hii nimeiona kwenye muvi," alisema. "Na kuna kipande mmekiruka."

Ukumbi ukacheka. Moose alicheka pia. Mimi sikucheka kwa takriban miaka minne.

Ndiyo maana ABCD 2 ya Wahindi, ya 2015, ilinipata vibaya. Inaanza na kundi la Mumbai linaloumbuliwa kwenye mashindano kwa kukopi staili ya watu wengine, wanaitwa wezi, mtaani hawana pa kuweka sura. Imetokana na kisa cha wachezaji wa kweli, Suresh Mukund na Vernon Monteiro. Filamu yenyewe ni ndefu kupita kiasi na ina machozi ya kutosha kumwagilia mizabibu, lakini dakika zile za mwanzo nilisimamisha nikaenda kunywa maji. Mwendelezo, kitu ambacho chenyewe ni kopi, unamzungumzia mtu aliyekopi! Sikuutegemea ujasiri huo.

Halafu kuna jambo jingine ambalo sikuweza kumjibu nalo yule jaji. Kijijini kwa mama, upande wa Chamwino, wanawake wakibana ngoma za muheme katikati ya mapaja na kuanza kupiga, hakuna anayeinua mkono akasema hii nimeiona. Wameiona wote. Ndicho kilichowaleta. Mlio ni uleule aliousikia bibi akiwa mwali, na mtu akiubadilisha sana watamtazama kwa jicho baya. Sasa kwa nini dansi ya kwenye muvi ndiyo tuidai kila mwaka ije na jipya? Mpwa wangu na mshale wake, pengine, yuko karibu na muheme kuliko mimi na stori yangu. Anajua wanakoishia. Amefuata mlio.

Nilikaa na wazo hilo siku tatu nikiwa nimefurahi nalo. Kisha likaanza kuchacha. Kwenye muheme hakuna anayekudanganya kwamba leo matokeo hayajulikani. Filamu inakuwekea saa ya kuhesabu, adui mwenye dharau, mchezaji aliyeumia kifundo, yote hayo ili uamini huenda wakashindwa. Kwenye ya kwanza unaamini. Kwenye ya nne wanaoamini ni wale waigizaji peke yao.

Madumu 12

Wanaojua Step Up 2 wanajua kwamba mwisho wake ni mvua. Maegesho ya magari, usiku, mvua inapiga, wanacheza maji yakiruka kutoka kwenye nguo. Mwambie mtoto wa Dodoma kwamba hiyo ni dansi, atakuambia hapana, huo ni utajiri.

Ilikuwa Oktoba, mwezi ambao hapa kwetu hata kivuli kina vumbi. Tukaamua kurekodi video yetu kwa simu ya kuazima, na lazima iwe na mvua. Tukachanga. Muuza maji akaleta madumu 12 kwa mkokoteni, akauliza kuna msiba gani. Wadogo zetu wanne wakapandishwa juu ya kuta za pagale na ndoo zilizotobolewa kwa msumari. Moose akawasha sabufa, akaifunika kwa turubai. Moja, mbili, tatu.

Tulichosahau ni kwamba wale Wamarekani walikuwa juu ya lami. Jamvi letu lilikuwa na vumbi la miezi sita, na vumbi letu, mnalijua, ni jekundu na jepesi kama unga wa muhogo. Hesabu nane za kwanza zilikuwa nzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya kwa mwili wangu. Za pili, jamvi likawa mlenda. Binti wetu akateleza akakalia mkono. Nikapita mbele ya kamera kwa tumbo, sikukusudia, na kwenye video hiyo ndiyo hatua inayoonekana kuliko zote. Maji yakaisha wimbo ukiwa haujafika nusu. Tukabaki tumesimama tope magotini, sabufa inaendelea kuimba peke yake chini ya turubai, na mlangoni amesimama mama yake Moose na ndoo tupu mkononi.

"Hayo ni maji ya kunywa," alisema.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu angepiga.

Mvua ya kweli ilikuja mwishoni mwa Desemba, kubwa, ya usiku, kama ile ya kwenye muvi kabisa. Hakuna aliyetoka. Sabufa ilikuwa ya mkopo.

Mikono inayotoka kwenye TV

Filamu ikishindwa kwenda mbele hupanuka. Step Up ilihama Baltimore ikaenda New York 2010, Miami 2012, Las Vegas 2014. Watu wakaongezeka, taa zikaongezeka, na ya tatu ikatengenezwa kwa 3D. Sisi tuliiona kwenye kibanda umiza, inchi 21, bila miwani. Kila baada ya dakika chache mchezaji anainyooshea kamera mkono mrefu, anausahau hapo, anaurudisha. Mzee mmoja nyuma aliuliza wanaomba nauli au vipi.

Katika filamu hiyohiyo, Moose wa kweli na rafiki yake wa utotoni wanacheza barabarani mchana kweupe, wimbo wa zamani wa enzi za Fred Astaire uliochangamshwa, picha moja ndefu isiyokatwa. Wanapita watu, wanachezea vitu vilivyowekwa nje, wanacheka kwa kweli. Hakuna adui, hakuna saa. Kinachokugusa ni kwamba yule binti ulimuona tangu akiwa mtoto kwenye ya kwanza. Hapo mwendelezo unafanya kazi yake, kwa gharama ya wimbo mmoja. Kisha wanarudi kwenye taa.

Jengo litabomolewa

Hiki ndicho kisa nilichokuwa nakicheka kuliko vyote. Breakin' ilitoka Mei 1984, na kabla mwaka haujaisha, Desemba, ikatoka Breakin' 2. Ya kwanza ina kijana anacheza na fagio nje ya duka, kazi ya kawaida kabisa imegeuzwa ajabu, na bado ni kipande ambacho ningemwonyesha mtu yeyote asiyeamini kwamba dansi ni fikra. Ya pili ina kituo cha vijana ambacho matajiri wanataka kukibomoa wajenge maduka, kwa hiyo vijana wanacheza wapate hela. Tangu hapo jengo hilo limekuwa likibomolewa kila baada ya miaka michache. Step Up ya tatu, ghala la wachezaji linadaiwa. Ya nne, mtaa mzima wa Miami unatakiwa na mwenye mahoteli. Ukikusanya majengo yaliyookolewa kwa dansi kwenye filamu za Marekani yanatosha kuanzisha wilaya.

Na zawadi ya mashindano daima inalingana na deni. Haipungui, haibaki.

Mwaka 2016 ikatangazwa serikali inahamia Dodoma kwa kweli, siyo kwa maneno kama miaka yote. Viwanja tulivyovipita kila siku vikawa na bei. Asubuhi moja tukakuta kwenye pagale letu lori la mchanga na mzee mmoja na mafundi wawili.

Miaka yote hiyo hatukuwahi kujiuliza pagale lina mwenyewe.

Nimejaribu kumwandika yule mzee kama adui, nimeshindwa. Hakuvaa suti. Alivaa kandambili. Alitusalimia kwanza yeye, sisi watoto wake kwa umri, akatuambia alianza kujenga akiwa kazini, akastaafu, kiinua mgongo kikaishia kwenye ada, na sasa mwanawe amempa nguvu amalizie. Alijua kwamba tunacheza pale. Alikuwa akija Jumapili nyingine na kukuta alama za viatu kwenye jamvi.

"Limekauka vizuri kwa sababu yenu," alisema. Sijui kama ulikuwa utani. "Sasa nyumba inaisha, wanangu."

Tukabeba sabufa tukaondoka. Hakuna aliyependekeza tucheze. Kwa hela gani, mbele ya nani? Kuna mageti leo pale, na bugenvilia, na nikipita huwa naangalia ukuta wa upande wa mashariki nikitafuta mahali mdogo wangu aliposimama na ndoo. Wamepiga plasta.

Kwa hiyo siku hizi nikifika kwenye kipande cha jengo sicheki tena, ila naona vizuri zaidi kinachoniudhi. Kwamba majengo huchukuliwa ni kweli tupu. Uongo umo katika yule adui. Filamu inamhitaji mtu mbaya ili dansi iwe na wa kumshinda, na kwenye maisha yangu aliyelichukua jengo alikuwa na haki nalo kuliko sisi. Sijaona mwendelezo hata mmoja uliothubutu kumweka mzee mwenye kandambili.

Kesho yake

Kuna swali moja ambalo filamu ya kwanza haiwezi kuliuliza: umeshinda, sasa kesho yake unaamka unafanya nini? Ni la mwendelezo peke yake. Ndiyo ardhi yake, na karibu wote wanaikwepa kwa kuleta sura mpya.

Staying Alive ya 1983 ilijaribu. Saturday Night Fever ya 1977 ilikuwa imemwacha John Travolta akiwa ameshinda mashindano ya disko Brooklyn na kuikabidhi zawadi yake kwa wale Wapuerto Rico waliokuwa wazuri kumzidi. Kila nikikumbuka jaji wetu nakumbuka tendo hilo. Miaka sita baadaye Sylvester Stallone akamchukua kijana huyohuyo, akamvusha daraja mpaka Manhattan, anafundisha dansi, anahudumia mezani, anatembea na bahasha kutafuta nafasi Broadway. Mwanzo huo ni mzuri! Nikakaa sawa. Kisha filamu ikaogopa, ikampa misuli, moshi na shoo kubwa, na mwisho anatembea barabarani kwa maringo kana kwamba ile zawadi hakuwahi kuirudisha.

Sisi hatukushinda kitu, lakini kesho yake ilikuja vilevile. Moose ana bajaji, kituo chake ni karibu na Majengo, nywele amenyoa. Binti wetu anafundisha darasa la tatu, na mkono ule ukiwa na baridi unamuuma. Mmoja alikwenda Dar es Salaam akawa anacheza nyuma ya wasanii. Tukaangalia video moja mara ishirini tumtafute, tukampata, sekunde mbili, bega na sikio. Mimi natoa kopi, na nimeshazoea kwamba mzaha huo wameufanya wote kabla yangu.

Ndipo nikafika kwenye ya tano, Step Up All In ya 2014, ambayo nilikuwa nimeiacha kwa makusudi. Wale waliouokoa mtaa wao Miami kwenye ya nne, waliomaliza wakiwa wamepewa mkataba wa tangazo, tunawakuta Los Angeles hela imekwisha. Wanasimama foleni ya usaili, wanakataliwa. Kodi haijalipwa. Wanagombana kama watu wanavyogombana wakiwa na njaa, kwa mambo madogo. Wenzake wanarudi Miami, anabaki yule stelingi peke yake, na Moose, ambaye sasa ana kazi ya uhandisi, anamtafutia kibarua kwenye ukumbi wa dansi wa babu na bibi yake. Kibarua chenyewe ni usafi.

Niliirudisha nyuma nihakikishe. Ya kwanza ilianza na kijana anafanya usafi ili apate kuufikia ukumbi wa dansi. Ya tano inaanza na bingwa anafanya usafi kwenye ukumbi wa dansi. Sijui kama waliotengeneza walikusudia. Baada ya hapo inakwenda Las Vegas, kuna mashindano, kuna hila, kuna moto na mchanga na taa, na mnajua.

Lakini zile dakika za mwanzo zipo.

Juzi Jumapili nikarudi Nkuhungu na flashi yangu. Nikamwambia mpwa leo tunaangalia ya tano, na mshale nitaukalia mimi. Akanung'unika, akakubali, kwa sharti kwamba soda ni juu yangu. Dakika za mwanzo alijigeuza geuza. Wakagombana, akatazama dari. Wenzake wakaondoka, akaomba kwenda chooni, akaenda, akarudi, nami nilikuwa nimemsimamishia. Kijana akaanza kazi.

Mpwa akasogea.

"Mjomba, huyu si ndiye aliyeshinda ile nyingine?"

"Ndiye."

"Sasa mbona anafanya usafi?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo wiki tano, na bado nikajikuta nafungua soda yake taratibu. Dada aliyekuwa mlangoni akipepeta mchele akasema muulize mjomba wako, alikuwa mcheza dansi huyu. Mtoto akanigeukia, akanitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye soksi, kwa makini ambayo hajawahi kunipa.

"Kweli?"

"Nyamaza," nikamwambia, "maongezi yanapita."